Jina la Tano

Siku ile tulikuwa watu wanane katika kituo chetu cha Rwezamenyo, Kigali. Mzee Ramadhani Gatera, fundi mkuu wa kushona, alikuwa mezani akikata kitambaa. Bernadeta Nyirahabimana alikuwa jikoni na sufuria ya uji. Yusufu Kabera alikuwa amelala chini ya cherehani ya tatu, akiifungua kwa mara ya nne mwezi ule. Feliksi Sebahire, karani, alikuwa anaandika uzito wa watoto kwenye daftari. Zaina Mukamana, mwanafunzi wa kushona, miaka kumi na tisa, alikuwa anatia vifungo. Sista Odile, mkuu wa kituo, alikuwa ofisini. Hadija, mama yake Zaina, alifika mwishoni. Wa nane ni mimi, Sista Venansia, nikiwa nimeshika ufagio.

Nimeanza hivi kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Ripoti ya kazi yetu huanza na waliokuwepo, na kila mmoja alikuwa anafanya nini. Nyinyi vijana wa ofisi ya utetezi mnaanza na usuli na muktadha. Nimezisoma ripoti zenu. Nikifika ukurasa wa nne huwa bado sijakutana na mtu.

Nasema nimestaafu, ingawa mtawa hastaafu. Mtawa huhamishiwa chumba kilicho karibu na choo. Nilihamishiwa mwaka jana. Mama mkuu wetu wa sasa ameniomba niandike habari za kazi kwa ajili ya masista wadogo walioko Kigali, Bukoba na Bukavu, na akasema niandike kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo sote tunaikosea kwa kiasi kinachofanana. Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja, cha kutunza funguo.

Kazi ya utetezi niliianza nikiwa na miaka kumi na mitatu, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja, mama masika na baba vuli, tukabaki watoto watano na mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita. Wadogo zangu wanne walitakiwa kusoma, na kazi ya kuwatafutia nafasi ikawa yangu. Nilikwenda kwa baba wadogo, kwa mkuu wa komuni, yaani wa tarafa yetu, kwa paroko. Mara ya kwanza kwa paroko nilisema shida yangu nikiwa bado mlangoni. Alinisikiliza, akasema nirudi siku nyingine. Nilirudi kesho yake, nikamsalimia, nikauliza hali ya mafua yake, ya ng'ombe wa parokia, ya padri msaidizi aliyekuwa safarini, ya mvua ya kule padri msaidizi alikokwenda. Ilikuwa karibu nusu saa. Halafu nikasema shida. Mdogo wangu akaingia shule Jumatatu.

Wote wanne walisoma kwa njia hiyo. Naweza kusema walisomeshwa na salamu. Naomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu litarudi.

Niliingia utawani nikiwa na miaka ishirini na saba, mdogo wa mwisho alipokwenda sekondari. Mlezi wa wanovisi, wale wanaoanza utawa, aliniuliza kama nitaweza kutii. Nilimwambia sijui, kwa kuwa kwa miaka kumi na minne hapakuwa na mtu wa kumtii. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa 1990, nilipelekwa Kigali kufagia.

Kituo kilikuwa nyumba ya vyumba vinne na ua, Rwezamenyo, katikati ya washonaji na maduka madogo, jirani na Waislamu zaidi kuliko Wakatoliki. Walituita Masera, kama wanavyoita watawa wote wa mji ule, na walituletea vyakula siku za Idi, nasi tukawapelekea vyetu siku za Noeli, na kila upande ulilalamika kwamba wa pili hawatii chumvi. Asubuhi tulipima watoto na kugawa uji wa mtama na soya. Mchana tulifundisha kushona. Alasiri Sista Odile alifunga mlango wa ofisi na kupiga mashine ya chapa.

Sista Odile alitoka Kanada. Alikuwa mrefu, mwembamba, na hakuwahi kumaliza kikombe cha chai. Nilidhani barua zake ni za kwao. Siku moja, nikipangusa meza, nilimuuliza anamwandikia nani kila siku, kama ana ndugu wengi namna hiyo. Akasema anaandikia Geneva, mahali ambapo serikali zote huketi kusikiliza habari za watu wanaoonewa, na kwamba kuna masista wetu wanaozipeleka mle ndani.

"Basi wewe una kazi mbili," nikamwambia.

"Moja," akasema. "Asubuhi tunampima mtoto. Alasiri tunaandika kwa nini amepungua."

Akanifundisha. Sijui aliniona na nini, labda alichoka kufunga mlango. Aliniambia niandike nilichokiona kwa macho, nani alikuwepo, wapi, saa ngapi, na nani mwingine aliona. Nikiandika kwamba mtu alipigwa kikatili, alikata neno la mwisho. "Uliona ukatili, au uliona fimbo?" Fimbo. "Basi andika fimbo. Na urefu wake." Karatasi zilikuwa nne na kaboni tatu katikati, kwa hiyo ilibidi kugonga kwa nguvu kama unayetwanga. Nakala ya nne ilikuwa yetu. Ilionekana kama moshi. Mpaka leo naweza kuzisoma nakala za moshi, na sijakutana na kazi nyingine inayohitaji kipaji hicho.

Mwezi wa kumi mwaka ule vita vilianza kaskazini, na mjini wakaanza kupekua nyumba. Kwetu walikuja watu sita wenye bunduki, kabla ya saa sita mchana. Waliangalia chini ya vitanda tusivyokuwa navyo. Kisha mmoja akainua karatasi ya kukatia gauni kutoka kwenye meza ya Mzee Ramadhani. Ilikuwa na mistari ya nukta, mishale, na namba.

"Mzee, hii ni ramani ya wapi?"

Mzee Ramadhani alivua miwani. "Ya kifua cha mwanamke," akasema. "Namba thelathini na nane."

"Na huu mshale?"

"Hapo unakata, mwanangu. Ukipita hapo, mteja hakulipi."

Yusufu, chini ya cherehani, alicheka. Hakupaswa kucheka. Wakasema Mzee aende nao akaeleze hiyo ramani, na Yusufu aende akachekee huko, na Bernadeta na Feliksi waende kwa kuwa walikuwa na Mzee. Zaina walimwomba kitambulisho. Alikuwa amekisahau nyumbani. Alisema nyumbani ni mtaa wa pili tu. Wakamwambia apande lori.

Hadija alikuwa amekiona kitambulisho mezani kwake, akakimbia nacho. Alifika lori likiwa linawashwa. Alikiinua juu kwa mkono, akawa anapiga ubavu wa lori kwa mkono wa pili.

"Kadi yake iko hapa! Iko hapa, muangalie! Yeye iko na kadi!"

Askari wa nyuma akamwambia, "Mama, umechelewa," kama mtu wa dirisha la posta. Lori likaondoka. Hadija akabaki barabarani, kadi iko juu.

Mimi nilikuwa bado na ufagio. Sista Odile aliuchukua, akaniwekea kiti. "Keti," akasema. "Andika waliokuwepo."

Siku zile watu wengi walikamatwa, wakawekwa uwanjani, kisha wakagawanywa magerezani. Tulizunguka na vikapu vya chakula. Mlinzi anachukua kikapu ukitaja jina, na kikirudi kitupu, mtu wako yupo. Wanne wa kwetu tuliwapata hivyo, gereza la mjini. Bernadeta alirudisha kikapu na ujumbe kwamba maharage hayakuiva. Kikapu cha Zaina kilipokelewa mara mbili kikarudi kitupu. Mara ya tatu kilirudi kimejaa. Mlinzi akasema amehamishwa, hajui wapi. Sista Odile aliniambia kikapu kilichorudi kimejaa ni habari, lakini si habari ya kuandika.

Barua zetu hazikujibiwa. Mwanzoni mwa 1991 Sista Odile akanieleza namna ile kazi inavyokwenda, nami nawaeleza nyinyi kama alivyonieleza, kwa kuwa sijasikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Mle ukumbini Geneva, kila serikali ina mtu wake aliyekaa na kalamu. Jina likitajwa kwenye kipaza sauti, yeye huliandika. Akiliandika, hulituma nyumbani. Likifika nyumbani, kuna mtu ofisini ataulizwa: huyu yuko wapi? Na mtu ambaye ameulizwa, ni vigumu kumpoteza. Asiyeulizwa, akasema, hupotea bila kelele. Kazi yetu yote ni kumfanya mtu aulizwe.

Tulikuwa tumepata dakika tatu za kusema kwenye mkutano ule. Sista Odile hakuweza kwenda. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kinakaribia mwisho, na akitoka wasingemruhusu kurudi. Basi aende aliyeona kwa macho, na aliyeona kwa macho alikuwa mimi, darasa la sita, Kifaransa cha kuosha vyombo kwa masista wa Kibelgiji.

Hadija alikuja siku mbili kabla ya safari, na mtandio wake mzuri.

"Masera, kule utasema jina ya mtoto wangu?"

"Nitalisema."

"Kwa sauti? Si kwenye karatasi?"

"Kwa sauti, kwenye kipaza sauti, mle ndani."

"Uwasalimie wote," akasema. "Usinisahau."

Tulifanya mazoezi na saa ya mezani yenye kengele, ile ya kuamshia. Sista Odile alikaa kitini kama mwenyekiti, mimi nikasimama karibu na kabati. Mara ya kwanza kengele ililia nikiwa bado namshukuru. Akaniambia, "Kule hawasalimiwi. Hawatazamii. Unasema asante mwenyekiti, halafu unaingia." Nilimuuliza nitaingiaje kwa watu bila kusalimia. Akasema kama maji yanavyoingia. Nikakata salamu. Mara ya saba nilimaliza kwa dakika mbili na nusu, majina yote matano yamo. Aliridhika. Nami niliridhika, na niliamini kabisa kwamba nimeziacha.

Kulikuwa na jambo la pili. Kwenye karatasi yake Sista Odile alimweka Zaina wa kwanza. "Wengine tunajua walipo," alisema. "Yeye hatujui. Anza naye." Usiku kabla ya kuondoka nilinakili karatasi ile kwa mkono wangu, nikayapanga majina upya kwa umri: Mzee Ramadhani, Bernadeta, Yusufu, Feliksi, Zaina. Sikumwambia. Sikuona kama ni jambo la kumwambia. Nimekuwa mkubwa wa nyumba tangu utoto; mtoto hatajwi kabla ya watu wazima, atakuwa amekaa wapi?

Kuhusu ndege sitaandika, ilikwenda na ikafika. Nilikuwa na koti la marehemu sista mmoja, refu mpaka chini. Ukumbi ule ni mkubwa na hauna harufu yoyote. Kila mtu ana kisikilizio sikioni, na wakalimani wamo kwenye vyumba vya vioo juu, kama keki za dukani. Masista wa Geneva walinionyesha kitaa kidogo mezani: kijani sema, njano maliza, nyekundu umekwisha. Walinionyesha pia mtu wa serikali yetu, safu ya nne, suti ya kijivu, kalamu mezani.

Nikaitwa. Kitaa kikawa kijani. Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa mzee mwenye mvi, mwenye sura ya mtu ambaye hajaulizwa hali tangu asubuhi.

Nilimsalimia. Nilimuuliza hali. Niliwasalimia makamu wake wawili, kila mmoja upande wake, ili asione mwenzake amependelewa. Niliwashukuru wenyeji kwa mapokezi na kwa theluji, ambayo nilidhani ni yao. Nilifikisha salamu za mama mkuu wetu, za masista wa Kigali, za akina mama wa Rwezamenyo, na za Hadija, ambaye nilimtaja kwa jina kwa kuwa aliniomba nisimsahau. Niliomba radhi kwa Kifaransa changu, kwa Kifaransa kirefu. Mkalimani mmoja alinyanyua kichwa akanitazama kupitia kioo. Nilidhani amefurahi.

Halafu nikaingia kwenye shida. Nilisema siku, mahali, watu sita, bunduki, karatasi ya gauni. Kitaa kikawa njano. Nikasoma: Ramadhani Gatera. Bernadeta Nyirahabimana. Yusufu Kabera. Feliksi Sebahire. Nikasema, "Na wa tano ni." Kitaa kikawa nyekundu na kipaza sauti kikazimwa.

Jina nililisema. Lilifika mpaka kwenye glasi ya maji iliyokuwa mbele yangu.

Mwenyekiti alisema, "Tunamshukuru Sista kwa salamu zake," na kwa kweli alionekana kushukuru. Nilimtazama mtu wa safu ya nne. Alikuwa ameandika mistari minne. Nilihesabu mkono wake ukirudi mwanzo wa mstari. Alisubiri kidogo, akafunika kalamu.

Nilikimbia na karatasi yangu mpaka kwa karani wa ukumbi, nikamwomba ainukuu yote. Alikuwa mpole. Aliichukua, akaweka rula, akakata kwa penseli mstari wa mwisho. "Kinachoingia ni kilichosemwa," akasema. Salamu aliziacha zote. Ziko huko mpaka leo, kwenye kumbukumbu rasmi, na za Hadija zimo.

Nilirudi Kigali. Hadija alikuwa ananingoja kituoni, amekaa kwenye benchi la akina mama wenye watoto.

"Masera, umerudi."

"Nimerudi."

"Kule baridi iko?"

"Iko."

"Walikupokea vizuri?"

"Vizuri."

"Walikupa nini ya kula?"

"Jibini."

"Pole sana." Akauliza hali ya masista wa huko, ya ndege, ya koti. Nilimtazama akisalimia. Alikuwa anajua kilichomleta, nami nilikijua, na hakukigusa mpaka alipomaliza. Halafu akaweka mikono kwenye mapaja. "Na jina ya mtoto wangu?"

"Halikusomwa."

"Ya wengine?"

"Yalisomwa. Yote manne."

"Kwa nini yake hapana?"

"Muda uliisha. Nilikuwa nasalimia."

Alifikiri. "Ulisalimia watu wazima?"

"Ndiyo."

"Na zangu ulizifikisha?"

"Nilikutaja kwa jina."

"Ulifanya vizuri," akasema Hadija. "Mtu hawezi kuingia kwa watu kama mbuzi." Akakunja mtandio wake. "Sasa utarudi kuisoma. Lini?"

Angenipiga ningejua la kufanya. Nilimwambia nitarudi. Sista Odile nilimweleza yote, na mpangilio wa umri pia. Alichukua karatasi yangu akaiweka kwenye faili. "Andika ripoti," akasema. "Anza na waliokuwepo."

Bernadeta alitoka siku kumi na mbili baadaye. Aliingia moja kwa moja jikoni, akaonja uji, akasema tumeuharibu. Yusufu na Feliksi walitoka pamoja, wiki iliyofuata. Mzee Ramadhani alitoka wa mwisho, masika yakiwa yameanza, na ile karatasi ya gauni mkononi. Ilikuwa imepigwa muhuri kila upande. Aliitumia hivyo hivyo. Nguo kadhaa za mtaa ule zilikatwa kwa kibali cha serikali.

Sina ushahidi kwamba walitoka kwa sababu walitajwa. Miezi ile waliachiliwa wengi, hata ambao hakuna aliyewataja popote. Nimefundishwa nisiandike nisichokiona. Naandika nilichokiona: wanne walitajwa, wanne wakarudi.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo niliyojifunzia kazi. Asubuhi mizani, mchana cherehani, alasiri mashine ya chapa. Jumatano nilizunguka na kikapu cha Zaina, gereza hili na lile, hata nje ya mji. Kilirudi kimejaa kila mara, na chakula tukawapa watoto wa uji, ambao hawakujua kwa nini Jumatano kuna mchuzi. Nilijifunza kuuliza swali moja kwa walinzi watano bila wa tano kujua kwamba nimeshauliza. Nilijifunza kukaa kwenye benchi la ofisi mpaka wao ndio waone haya. Haya yote mnaweza kujifunza. Hayahitaji diploma, yanahitaji viatu. Na kila Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Hadija alipita kituoni, akasalimia kila mtu mpaka watoto wa mgongoni, kisha akaniuliza: "Lini?" Nilimwambia mwakani. Mwaka uliofuata dakika zetu walipewa masista wa nchi nyingine, ambao nao walikuwa na majina.

Mwaka 1993 kibali cha Sista Odile hakikuongezwa. Aliniachia mashine ya chapa, saa yenye kengele, na faili. Ndani ya faili alikuwa ameweka karatasi yake ya kwanza, ile iliyoanza na Zaina, juu ya yangu. Hakusema neno kuhusu jambo hilo. Naye alikuwa na adabu, kwa namna yake.

Mwezi wa nne 1994 mnaujua. Wengine wenu mnaujua kuliko ninavyoweza kuandika. Kituo kilikuwa kimefungwa, na mimi nilikuwa ndani peke yangu, na kitambulisho changu kilikuwa na neno lile la kabila ambalo mwezi ule lilitosha kumwua mtu. Hadija alikuja asubuhi, saa nne, kupitia ua wa nyuma. Alikuwa na gauni, mtandio, na kadi, ambayo haikuwa na neno lile.

"Vua," akasema. "Vaa hii. Msalaba tia kwenye unga."

Gauni lilikuwa la Zaina. Halikufunga mgongoni, Hadija alilifunika kwa mtandio. Nilivuka mtaa mmoja nikiwa nimemshika mkono. Waliofika mlangoni kwake siku ya tatu walikuwa vijana wa mtaa mwingine, na waliuliza mimi ni nani.

"Binti yangu," akasema Hadija. "Zaina. Kadi yake iko hapa."

Ni kadi ile ile aliyoiinua barabarani. Safari hii ilipokelewa. Kijana aliitazama picha, ambayo kwa kushikwashikwa miaka mitatu na nusu ilikuwa imebaki nywele tu. Akasoma mwaka wa kuzaliwa, akahesabu kwa vidole.

"Miaka ishirini na tatu? Huyu?"

Mimi nilikuwa na arobaini na mmoja, na niliionyesha yote.

"Maisha iko ngumu, mwanangu," akasema Hadija.

Akamuuliza hali ya mama yake. Akauliza kama amekula. Akamuuliza ametoka mtaa gani, akamjua shangazi yake, akauliza hali ya mguu wa shangazi. Alimsalimia mpaka akachoka, na alipochoka alirudisha kadi na kuondoka. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka. Hadija alikuwa ameniambia nisifungue mdomo, kwa kuwa nina lafudhi ya kanisa. Walirudi mara nyingine mbili. Nilikuwa Zaina kwa zaidi ya miezi miwili.

Katika wadogo zangu wanne walibaki wawili. Katika wale wanne wa kituo alibaki Mzee Ramadhani. Sitaandika zaidi ya hapo. Haya ni maandishi ya kazi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kituo tu, na watoto walikuwa wengi kuliko mizani. Geneva waliendelea kwenda masista waliomaliza shule, na ilikuwa haki. Niliomba kwenda mara sita. Nilijibiwa kwa upole mara sita: kwamba mkutano wa sasa una mada nyingine, kwamba jina moja la zamani halibebi hoja. Nimesikiliza hotuba zao. Baada ya mwaka ule watu waliacha kusoma majina mle ndani, wakawa wanasoma idadi. Nadhani waliona dakika tatu hazitatosha.

Hadija aliishi mpaka uzee. Alifariki miaka mitano iliyopita, nyumbani kwake Rwezamenyo. Nilikuwepo mimi, na jirani mmoja aliyekuwa anapika chai. Hadija aliuliza hali ya kituo, ya magoti yangu, ya mama mkuu. Halafu akanitazama. Hakuuliza "lini." Aliingiza mkono chini ya mto akanipa ile kadi, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu chake.

Ninayo. Niko nayo mezani ninapoandika. Na jina nimeliandika hapa, mmeliona tangu aya ya kwanza, lakini sikuahidi kuliandika. Niliahidi kulisema kwa sauti, mle ndani, kipaza sauti kikiwa kimewashwa, na mtu wa safu ya nne akiwa na kalamu wazi. Hilo bado.

Nasikia sasa mnapewa dakika mbili tu. Zinatosha. Yeyote kati yenu atakayeitwa, apitie kwangu kwanza, nimpe kadi aishike, asije akakosea jina. Ni Zaina Mukamana, miaka kumi na tisa, alikuwa anatia vifungo. Mwenyekiti atakuwa na sura ya mtu ambaye hajaulizwa hali tangu asubuhi. Msimsalimie.